Vina-Carb kwenye kompyuta ya mtumba: wiki sita na sumu ya kipindupindu

Kabla sijaisifu programu hii, mjue anayeisifu ni nani. Mimi ni mtu wa maabara, mwaka wa 11 huu, hapa hapa Mombasa. Mchana napokea vikopo vya kinyesi, naotesha, nahesabu, naandika majibu. Jioni nasomea uzamili wa biokemia, na kazi ya masomo naifanyia nyumbani Tudor, kwenye meza ya kulia chakula, watoto wakishalala. Kompyuta yangu ni ya mtumba, niliinunua shilingi 28,000, ina kumbukumbu ya gigabaiti 8. Sina seva inayokesha ikinipigia hesabu. Kwa hiyo nikisema Vina-Carb inafaa, nasema inamfaa mtu wa hali yangu.

Kazi yake ni kutabiri namna sukari inavyokaa ndani ya protini. Unaipa umbo la protini, unaipa umbo la sukari, unaionyesha eneo la kutafuta, nayo inajaribu mikao maelfu kwa maelfu. Mwisho inakuletea michache iliyoiona bora, kila mmoja na alama yake. Ni ya bure. Ilitoka kwenye maabara ya Robert Woods, Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, na makala yake yalichapishwa 2016. Msingi wake ni AutoDock Vina, programu ya Oleg Trott na Arthur Olson iliyotoka 2010, ambayo watu wa utafiti wa dawa wanaijua vizuri.

Swali langu lilianzia kazini. Kipindupindu nakijua kwa macho: kinyesi kama maji ya mchele uliooshwa, na kesho yake, kwenye sahani ya TCBS (chakula tunachooteshea bakteria wake), makoloni ya manjano. Yanakuwa manjano kwa sababu bakteria yule anaichachusha sukari iliyomo. Lakini kinachomkausha mgonjwa hadi macho yakaingia ndani ni sumu anayoitoa bakteria. Sambhu Nath De alilionyesha hilo Calcutta mwaka 1959 kwa vipande vya utumbo wa sungura. Na sumu hiyo haiingii kwenye seli ya utumbo mpaka kwanza ishikane na sukari. Juu ya seli kuna mafuta yaitwayo GM1: mkia wake umezama kwenye utando, na kichwa chake, sukari tano zilizounganika, kimejitokeza nje. Sumu ina sehemu tano zinazofanana zilizojipanga duara, na kila moja ina kishimo cha kupokea kichwa kimoja. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiandika kwenye fomu kwamba Vibrio cholerae, bakteria mwenyewe wa kipindupindu, ameota, na sijawahi kuuona mshiko wenyewe. Nikataka kuuona, tena kwa mikono yangu, si kwenye picha ya kitabu.

Kazi hii ya kuiingiza molekuli ndogo kwenye kishimo cha protini mimi naiita kutia gati. Ami yangu alifanya kazi Kilindini miaka mingi, kwenye zile mashua zinazovuta meli, na alikuwa akituambia kwamba meli ya chuma, hata iwe kubwa vipi, ina heshima yake: ukiusukuma ubavu mmoja, mwili mzima unafuata. Molekuli nyingi za dawa ziko karibu na hivyo. Kichwa cha GM1 hakiko hivyo. Ni msururu wa matishali matano yaliyofungwa kamba. Unalisogeza moja gatini, la nyuma linazunguka linakotaka. Nilikaa nikahesabu sehemu zote zinazoweza kuzunguka kwenye sukari hiyo, haidroksili (vile vijozi vya oksijeni na haidrojeni) nazo zikiwemo, nikapata 34.

Sasa zile kamba, yaani vifundo baina ya sukari na sukari, hazizunguki ovyo. Kila kifundo kina pembe zake mbili kuu, na kuna mikao ambayo sukari hukaa kwa raha, na mingine ambayo ikilazimishwa, atomu zinagombania nafasi. Programu za kutia gati zilizotengenezwa kwa ajili ya molekuli za dawa hazina hesabu hiyo. Zikiona kwamba kukipinda kifundo vibaya kutaleta mguso mmoja zaidi na protini, zinakipinda, na zinakupa alama nzuri juu yake. Vina-Carb inatoza faini. Pembe ikitoka kwenye mikao ya kawaida, gharama inaongezwa. Ukali wa faini unaupanga wewe kwa kigezo kiitwacho chi_coeff, na kwa chi_cutoff unaamua kosa dogo la kiasi gani lisamehewe. Walioitengeneza waliijaribu kwenye mifumo 101 ya protini na sukari, na mkao unaokubalika ukapatikana ndani ya mitano ya kwanza katika asilimia 74 ya mifumo waliyopima. Vina yenyewe ilipata asilimia 55. Kwa kanuni moja tu iliyoongezwa, hiyo ni hatua kubwa.

Kuipakia kunataka subira. Hakuna vitufe vya kubofya, ni kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Mtoto wa dadangu, anayesomea kompyuta, alikuja Jumamosi akaniwekea Linux.

"Mama mdogo, ukikosea herufi moja haitakwambia umekosea wapi," akaniambia. "Itakataa tu."

"Basi keti hapo, baba, uniandikie hizo amri kwenye daftari, moja moja, na maana yake."

Akaandika kurasa tatu. Daftari hilo ndilo mwongozo ninaoutumia mpaka leo, na natamani ungekuwapo wa namna hiyo kwa Kiswahili, wenye mfano mmoja uliofuatwa mwanzo hadi mwisho. Jambo jingine la kulijua mapema: programu huandika matokeo ikishamaliza. Stima ikipotea katikati, unaanza upya. Kwangu ilipotea mara mbili, na mara moja ilikuwa saa saba usiku, kazi ikikaribia kuisha.

Sukari yenyewe niliijengea kwenye GLYCAM-Web, tovuti ya maabara ile ile, nayo inastahili sifa zake peke yake. Unachagua sukari moja, unachagua itaunganishwa wapi na kwa upande gani, alfa au beta, unaongeza nyingine, hadi mnyororo ukamilike. Kisha inakurudishia umbo la pande tatu ambalo tayari limelainishwa kwa kanuni za GLYCAM06, yaani hesabu za jinsi atomu za sukari zinavyovutana na kusukumana. Bila tovuti hii ningekuwa bado naunganisha atomu. Nilichofanya kwanza ni kuuchora mnyororo wangu kwenye daftari kwa alama zinazotumika dunia nzima, nikiazima kalamu za rangi za binti yangu: duara la buluu kwa glukosi, duara la manjano kwa galaktosi, mraba wa manjano kwa N-asetilgalaktosamini, duara jingine la manjano, na almasi ya zambarau, asidi ya siali, ikitoka kama tawi kwenye galaktosi ya ndani. Fanyeni hivyo. Ukikosea kifundo kimoja hapo, umejenga sukari nyingine kabisa, na programu haitakuuliza.

Protini niliichukua kwenye PDB, hazina ya maumbo ya protini yaliyopimwa, faili 3CHB. Humo mna sehemu tano za sumu zikiwa zimeshika sukari ya GM1, picha iliyopatikana kwa eksirei kwa ukali wa angstromu 1.25, ambao ni ukali wa hali ya juu. Nilichagua makusudi mfano ambao jibu lake lipo. Unaitoa sukari iliyomo, unaingiza uliyoijenga mwenyewe, unaiachia programu itafute, halafu unalinganisha na picha ya kweli. Mtu asianze na protini ambayo hakuna anayejua jibu lake. Ataamini chochote atakachoonyeshwa.

Hapa nikapoteza wiki nzima, na naisimulia ili mwingine asiipoteze. Ili kompyuta isichemke, niliondoa sehemu nne za sumu nikabakiza moja. Niliona kila sehemu ina kishimo chake, basi kimoja kinatosha. Matokeo yakayumba: leo sukari imekaa hivi, nikirudia imekaa vile, na nikaanza kuishuku programu. Usiku wa tano nikafungua umbo zima kwenye ChimeraX, programu ya kutazamia molekuli, nikasogea karibu na kishimo, nikageuza polepole. Ukingo mmoja wa kishimo haukuwa wa sehemu niliyoibakiza. Kuna asidi amino moja, glisini, ya 33 kwenye mnyororo wa protini, inayochungulia kutoka kwa jirani, na mimi nilikuwa nimemwondoa jirani. Nikamrudisha. Kompyuta ikachukua muda mrefu zaidi, lakini mikao ikatulia.

Kisha nikafanya jaribio ambalo kwangu ndilo lililoamua kila kitu. Niliiendesha programu ile ile, protini ile ile, sukari ile ile, mara mbili: kwanza chi_coeff ikiwa 0, yaani hakuna faini, halafu 1, na chi_cutoff 2. Kigezo cha bidii ya kutafuta, kinachoitwa exhaustiveness, kwa kawaida ni 8. Nilikipandisha hadi 32 kwa sababu ya wingi wa vifundo. Bila faini, mkao uliotangulia orodha ulipendeza kwa mbali. Galaktosi ya mwisho ilikuwa imeingia shimoni mahali pake. Lakini nilipofuata mnyororo kwa nyuma, kifundo baina yake na N-asetilgalaktosamini kilikuwa kimepindwa mpaka asidi ya siali imegeukia nje, kwenye maji, haishiki chochote. Nikaiwasha faini. Mkao ule ukashuka chini ya orodha. Wa pili kwenye orodha mpya nilipoupandanisha na picha ya kweli, mistari ya rangi mbili ikawa kama mmoja, ila kwa glukosi ya mkiani, na glukosi hiyo hata kwenye picha ya kweli haishikwi sana na protini. Nilimwamsha mume wangu nimwonyeshe. Alitazama kwa heshima, akasema ni kazi nzuri, akarudi kulala.

Ngojeni niwaonyeshe nilichokuwa nakitazama. Sakafu ya kishimo ni asidi amino nyingine, triptofani, ya 88, imelala bapa. Juu yake ndipo galaktosi inapokaa. Tumezoea kudhani kwamba sukari inapenda maji pande zote, kwa sababu imejaa haidroksili. Galaktosi ina siri yake. Haidroksili ya kaboni ya nne imesimama kuelekea upande mmoja, tofauti na ya glukosi, basi uso wa pili unabakiwa na haidrojeni zilizofungwa kwenye kaboni, na uso huo hauna haja na maji. Uso huo ndio unaolalia triptofani, kama chapati juu ya kikaango. Haidroksili zilizobaki zinajifunga pembeni, kwa glutamati ya 51, kwa asparajini ya 90, kwa lisini ya 91. Na upande wa pili tawi la asidi ya siali linakumbatia ukingo wa protini. Waliopata picha hii waliueleza kuwa mshiko wa vidole viwili: galaktosi na N-asetilgalaktosamini ni kidole cha shahada, asidi ya siali ni dole gumba. Weka vidole vyako viwili kwenye ukingo wa kikombe cha kahawa utauona.

Toka siku hiyo sisomi alama kabla ya kuitazama triptofani. Galaktosi ikiwa imesimama wima shimoni, au imeigeuzia sakafu uso wenye haidroksili, mkao huo kwangu haufai hata ukiongoza orodha.

Alama zenyewe nitazisema kwa kifupi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Zinaandikwa kwa kilokalori kwa moli, yaani kama nishati, zinaonekana kama kipimo cha maabara, nazo si kipimo. Nilitia gati galaktosi peke yake, kisha kichwa kizima cha GM1. Vipimo vya kweli vinaonyesha kwamba sumu inashika kichwa kizima kwa nguvu zaidi ya mara laki moja kuliko galaktosi peke yake. Programu ilikipa kichwa kizima alama bora, ndiyo, lakini si kwa pengo la namna hiyo. Anayetaka kujua mkao atafaidika. Anayetaka kujua nguvu ya mshiko atumie njia nyingine, na ikiwezekana apime.

Na kuna mambo ambayo faini ya vifundo haiyagusi. Pete za sukari zimegandishwa. Umbo la pete ulilolileta, lile tunaloliita kiti, ndilo litakalobaki, kwa hiyo lilete sahihi. Protini nayo haitikisiki, usipoiruhusu wewe mwenyewe kwa asidi amino chache. Maji ndiyo yanayonisumbua zaidi. Kwenye picha ya kweli ya sumu hii kuna molekuli za maji zilizokaa baina ya sukari na protini zikiwashikanisha, na mazoea ya kutayarisha faili ni kuyafuta maji yote. Siku hizi nayatazama kwanza moja moja, na yale yaliyobanwa pande zote mbili nayaacha. Kwa vimeng'enya vinavyokata sukari, kuwa mwangalifu na faini, maana baadhi huipinda sukari makusudi kabla ya kuikata. Hapo punguza chi_coeff, la sivyo utaadhibu jibu la kweli.

Mtaniuliza kwa nini nahangaika na programu ya 2016 wakati dunia imehamia kwenye akili mnemba. Nimezitumia hizo pia, na nazipenda. PeSTo-Carbs ya chuo cha EPFL, Uswisi, iliyotoka 2024, unaipa umbo la protini nayo inakupakia rangi sehemu zinazoelekea kushika sukari, na kompyuta yako haichoki kwa sababu kazi inafanyika kwao. CAPSIF ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ya 2023, inajibu swali hilo hilo. Lakini swali lao ni wapi, langu lilikuwa vipi. Ukishajua kishimo kiko wapi, bado hujajua galaktosi imelaza uso gani. Hazina ya AlphaFold, akili mnemba inayotabiri maumbo ya protini, ina maumbo zaidi ya milioni 200, na protini zote humo ziko uchi, hazina sukari hata moja. AlphaFold 3 ya 2024 inaijua sukari, na huduma yake ya mtandaoni inakuruhusu kuibandika kwenye protini, ila orodha ya molekuli unazoweza kuziweka bila kuzibandika kwenye protini ni fupi, na matumizi yake si ya biashara. Kwa hiyo kwangu hazishindani. Ya Uswisi inanionyesha mahali, Vina-Carb inaniwekea sukari, na macho yangu ndiyo yanayotoa hukumu.

Nani aichukue? Mwanafunzi wa biokemia mwenye kompyuta ya kawaida na jioni zake, aichukue leo. Mwalimu anayetaka wanafunzi waone kwa nini galaktosi si glukosi, aichukue. Somo la kaboni ya nne nililikariri kwa mitihani mitatu, nimelielewa kwa sumu hii. Anayetaka jibu la haraka la kupeleka kwenye mkutano kesho, asiiguse. Mimi imenipa kitu ambacho sikutarajia kukipata kwenye meza ya kulia chakula, na vikopo vinapokuja sasa napokea nikijua ni mshiko gani ulioanzisha yote.

Jumamosi tunaanza protini ya pili. Vimelea vya malaria kwa mama mjamzito hung'ang'ania kwenye kondo la nyuma kwa kushika sukari ndefu iitwayo kondroitini salfeti. Fried na Duffy walilionyesha hilo mwaka 1996, na protini inayoshika, VAR2CSA, umbo lake lilichapishwa 2021 ikiwa na sukari hiyo. Kwa sisi wa pwani haihitaji maelezo kwa nini nimeichagua. Mnyororo nimeshauchora kwenye daftari, na mtoto wa dadangu ameahidi kuja na betri ya akiba.